Parachichi kwa paka wa nyumbani: ni chakula au ni sumu?



Shukrani zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, vinavyosema na visivyosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wiki hii ukurasa wetu unajibu swali la mama mmoja wa hapa Tukuyu, aliyeomba jina lake lisitajwe. Anaeleza kuwa nyumbani kwake yupo paka aliyefugwa kwa ajili ya panya wanaoharibu mahindi darini. Watoto wake humpa paka huyo parachichi karibu kila siku, kwani msimu ukifika yale yasiyochukuliwa na wanunuzi hubakia uani yakilainika na kuoza. Mkwewe anasema paka wa Rungwe wamekula parachichi tangu zamani na hawakudhurika. Jirani yake naye amemwonyesha ujumbe kwenye simu unaodai kuwa parachichi ni sumu kwa kila mnyama. Mama huyu anauliza mambo matatu. Ni nani mwenye haki kati ya mkwe na jirani? Ni matunda gani mengine paka anaweza kuyala? Na je, anapata dhambi kwa kumlisha paka ugali na matunda peke yake, kwa kuwa nyama ya bucha haimudu hata kwa wanawe?

Swali hili wengine wataliona dogo. Sisi hatulioni hivyo. Wilaya yetu imejaaliwa mvua na udongo mwema. Migomba na miparachichi imezunguka nyumba zetu, na hapana nyumba yenye mahindi isiyohitaji paka. Kwa hiyo jambo hili linatugusa kila siku, ingawa hatuna desturi ya kuliuliza. Upande wa afya ya mnyama tutategemea yale yanayofundishwa na madaktari wa mifugo, na upande wa sheria tutarejea kwa wanazuoni wetu.

Jibu kwa ufupi

Mkwe na jirani kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Nyama ya parachichi lililoiva, ikiwa ni kidogo, kwa kawaida haimuui paka. Hata hivyo si chakula chake, na ikizidi humdhuru. Ujumbe wa kwenye simu umekosea kuwaweka wanyama wote kapu moja, lakini wapo wanyama wengine katika nyumba zetu ambao mparachichi kwao ni sumu kweli. Tutawataja. Ama paka anayelishwa ugali na matunda tu, huyo yumo katika hatari ambayo mwenyewe haioni, kwa sababu haitokei siku moja.

Paka ameumbwa mla nyama

Jambo la kwanza tunalopaswa kulifahamu ni kwamba paka si kama sisi, wala si kama mbwa. Mwanadamu anaweza kuishi kwa nafaka, kunde, mboga na matunda akawa na afya. Mbwa naye anaweza kuvumilia chakula mchanganyiko. Paka hawezi. Mwili wake umeumbwa upate mahitaji yake kutoka katika nyama ya viumbe wengine, na yapo mambo ambayo mwili huo hauwezi kujitengenezea vya kutosha.

Mfano mkubwa ni kirutubisho kiitwacho taurini. Kinapatikana katika nyama, samaki na hasa moyo wa mnyama, na hakipatikani katika ugali, ndizi wala parachichi kwa kiasi cha kumfaa paka. Mwaka 1975 wataalamu nchini Marekani walieleza kuwa paka wanaokosa taurini huharibika sehemu ya ndani ya jicho inayopokea nuru, na mwisho hupofuka. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis wakaonyesha kuwa upungufu huohuo hudhoofisha moyo wa paka, ukatanuka na kushindwa kusukuma damu, na kwamba wengi wa paka hao walipata nafuu walipopewa taurini. Baada ya hapo watengenezaji wa vyakula vya paka wakaanza kuongeza kirutubisho hicho.

Mfano wa pili ni vitamini A. Sisi tukila embe, papai au karoti, miili yetu huigeuza ile rangi ya manjano ikawa vitamini A. Mwili wa paka hauna uwezo huo. Yeye huipata ikiwa tayari ndani ya nyama, maini na samaki. Papai zima halitamsaidia macho yake hata kidogo.

Mfano wa tatu ni kinyume chake. Wako wanaosema, "Nampa paka wangu matunda apate vitamini C." Nia yao ni njema, lakini paka huitengeneza vitamini hiyo mwenyewe katika ini lake. Hana haja ya kuletewa kile ambacho Mola wake amekwisha kumpa.

Hapa ndipo lilipo jibu la hoja ya mkwe. Paka wa zamani waliokula parachichi hawakuishi kwa parachichi. Waliishi kwa panya, ndege, mijusi na panzi, na parachichi lilikuwa nyongeza. Paka wa leo anayefungiwa ndani, au anayeishi katika nyumba ya mjini isiyo na panya, hana fungu hilo. Akipewa ugali na tunda tu, tumbo lake litajaa huku mwili wake ukipungukiwa.

Kwa nini basi analipenda?

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa tunda si chakula chake, mbona paka wa Tukuyu hulirukia parachichi kama aliyeona samaki?

Utamu si sababu. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell kilichoko Philadelphia, Marekani, walitangaza kuwa paka hawaonji utamu wa sukari. Sehemu ya asili yao ya kurithi inayohusika na kuutambua utamu imeharibika na haifanyi kazi, na walilikuta jambo hilo kwa paka wa nyumbani, kwa chui milia na kwa duma. Kwa hiyo mtoto anayempa paka ndizi mbivu akidhani anamstarehesha kwa utamu, anamstarehesha asichokionja.

Parachichi lina tofauti na matunda mengine: limejaa mafuta, na mafuta paka anayatambua. Ndiyo sababu huliacha papai akalifuata parachichi. Lakini kupenda kitu si dalili kwamba kinafaa. Tunalijua hilo kwa watoto wetu na peremende.

Parachichi lenyewe, sehemu kwa sehemu

Katika mparachichi mna kitu kiitwacho persini. Kimo zaidi katika majani, na pia katika gome, ganda na kokwa. Katika nyama ya tunda lililoiva ni kidogo. Paka na mbwa wanakistahimili kuliko wanyama wengine wengi, na hili ndilo lililowafanya paka wa mkwe wasidhurike.

Hata hivyo ziko sababu tatu za kutolifanya chakula cha kila siku.

Ya kwanza ni mafuta. Gramu 100 za nyama ya parachichi zina nishati ya takriban kalori 160, na mafuta yapatayo gramu 15. Paka mzima wa kilo 4 anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku nzima. Kwa hesabu hiyo, nusu ya parachichi la wastani ni zaidi ya nusu ya chakula chake cha kutwa, na bado halijampa taurini. Akishiba hapo hataila nyama aliyowekewa. Tena mafuta mengi kwa mara moja humletea kutapika na kuharisha, na huweza kuumiza kongosho.

Ya pili ni kokwa. Paka huicheza kama mpira, na vipande vyake vikimezwa huweza kuziba koo au utumbo. Utumbo ukiziba, dawa ya kunywa haifui dafu, na hapa kwetu upasuaji wa paka haupatikani kila mahali. Kokwa na maganda yafukiwe shimoni au yawekwe mahali wasipofika wanyama.

Ya tatu ni uozo. Lile parachichi lililokaa uani siku nyingi likaota ukungu, hata kama nyama yake haina sumu ya asili, ukungu wake huweza kuwa na sumu. Lisilofaa kwa mtoto wako lisiwekwe mbele ya paka.

Kwa hiyo, paka akilamba kijiko au akala kipande kidogo mara moja moja, msifanye hofu. Lakini sahani ya parachichi kila siku iachwe.

Onyo kwa wafugaji wa mbuzi, sungura, ng'ombe na ndege

Hapa ndipo jirani alipo na haki, na tunaomba kila mzazi asome sehemu hii kwa makini. Majani ya mparachichi si malisho. Mbuzi, kondoo, ng'ombe, farasi na sungura wakiyala huweza kupata madhara makubwa. Mbuzi wanaonyonyesha huvimba viwele na maziwa yao hupungua ghafla. Wakiyala kwa wingi, misuli ya moyo huharibika, mnyama akashindwa kupumua na kufa. Nchini Afrika Kusini madaktari wa mifugo waliandika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuhusu kondoo walioharibika moyo kwa kula majani hayo.

Ndege wa vizimbani, kama kasuku na chiriku, ni dhaifu zaidi. Kwao hata nyama ya tunda ni hatari, na kifo huweza kuja ndani ya siku moja au mbili.

Katika wilaya ambayo miparachichi hupogolewa na matawi kuachwa chini, si jambo la ajabu kumkuta kijana amekusanya majani mabichi kwa ajili ya sungura wake. Mwelezeni kwa upole, mkamwonyeshe majani mengine ya kuwalisha. Sungura wa mtoto ni mali yake ya kwanza, naye akimkuta amekufa bila kujua sababu, hujifunza kukata tamaa badala ya kujifunza ufugaji.

Matunda mengine tuliyo nayo

Ndizi mbivu haina sumu kwa paka. Kipande kama nusu ya kidole gumba hakimdhuru, lakini sukari yake ni nyingi na tumbo la paka ni dhaifu katika kuyeyusha wanga. Papai, embe na tikitimaji ni hivyohivyo: nyama ya tunda pekee, bila mbegu, kokwa wala ganda, na kwa kiasi kidogo. Kanuni ambayo madaktari wa mifugo huitumia kwa vitafunwa vyote ni kwamba visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kwa paka wetu wa kilo 4, hicho ni kijiko kimoja au viwili vya chai.

Tufaha na pichi nyama yake haina neno, lakini mbegu na kokwa zake zina kitu ambacho kikitafunwa hugeuka kuwa sumu ya jamii ileile inayopatikana katika mihogo michungu. Zitolewe.

Nyanya iliyoiva si sumu, lakini nyanya mbichi ya kijani, majani na shina lake havimfai.

Ndimu, limau, chungwa na chenza visipewe paka. Mafuta yaliyomo katika maganda yake humletea kutapika, kutokwa na mate na kulegea. Kwa bahati njema paka wengi huichukia harufu yake, wakaondoka wenyewe. Lakini kuna watu humpaka paka maji ya ndimu au mafuta ya maganda ya machungwa ili kufukuza viroboto. Jambo hili liachwe. Paka hujilamba mwili mzima, na chochote ulichompaka nje, jioni kitakuwa tumboni.

Zabibu, mbichi na kavu, ndizo tunazopaswa kuziogopa kuliko matunda yote. Kwa mbwa imethibitika kuwa huua figo, na mwaka 2021 wataalamu nchini Marekani walieleza kuwa huenda chanzo ni tindikali iitwayo tartariki iliyomo katika tunda hilo. Kwa paka ushahidi ni mchache zaidi, lakini madaktari wa mifugo wanashauri wasipewe hata moja. Sisi zabibu kavu tunazitia katika pilau na keki za Idi. Siku hiyo watoto hula wakitembea, na punje huanguka mkekani. Fagieni mapema.

Tende haina sumu, ila ni sukari tupu kwa paka, na kokwa yake ni laini na nyembamba, rahisi kumezwa. Katika Ramadhani kokwa za futari ziwekwe kwenye sahani yenye mfuniko.

Adui aliyemo jikoni

Tukiwa tunazungumzia matunda, itakuwa ni dhulma tusitaje kitu kinachowadhuru paka wa nyumba zetu kuliko parachichi: kitunguu maji na kitunguu saumu. Viwili hivi huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na paka ni mwepesi wa kudhurika navyo kuliko mbwa. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Mchuzi wa nyama tuliobakisha, nyama ya sambusa, rojo la biriani, vyote vina kitunguu. Paka aliyekula kwa wingi, au aliyekula kidogo kidogo kwa siku nyingi, hulegea, fizi zake hupauka, mkojo wake huweza kuwa wa rangi nyeusi nyeusi, na pumzi hubana. Mara nyingi dalili huchelewa siku kadhaa, kwa hiyo watu hawaunganishi ugonjwa wa leo na mchuzi wa juzi.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla hujatia kitunguu sufuriani, mtolee paka kipande chake.

Kwa ndugu zetu wa Kyela wanaoanika kakao, na sisi tunaoishi kati ya chai na kahawa: punje za kakao, majani ya chai na unga wa kahawa vyote vina vitu vinavyouendesha moyo wa paka mbio kupita kiasi. Makapi ya chai yasimwagwe mahali anapolala.

Maziwa nayo, ingawa wilaya yetu ni ya maziwa, paka wengi wakikua hupoteza uwezo wa kuyayeyusha, wakaharisha. Kinywaji cha paka ni maji safi.

Nafaka ya paka katika sheria

Sasa tuje kwenye swali la tatu, ambalo ndilo lililomsumbua zaidi mama yetu.

Sote tunaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar, Allah amridhie yeye na baba yake, kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Wengi huikumbuka kwa sehemu moja tu, kwamba hakumlisha. Kosa lake lilikuwa ni mambo mawili yaliyokutana: alimfungia, kisha hakumpa chakula, wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini. Katika maneno hayo mna faraja kwa mnyonge na onyo kwa mzembe.

Faraja ni kwamba maskini hakulazimishwa kununua nyama ya bucha. Ikiwa paka wako yuko huru, anatoka, anawinda na anashiba, basi umelitimiza la wajibu, na unachomwongezea ni sadaka. Onyo ni kwa aliyemfungia paka stoo usiku na mchana ili akamate panya, au anayemfuga ndani ya nyumba ya mjini: huyo amejitwika nafaka yake yote. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amemalizia mlango wa nafaka katika kitabu chake cha Minhaaj kwa kutaja wanyama, kwamba mwenye mnyama analazimika kumpa malisho na maji, na akikataa hulazimishwa kumlisha au kumwuza. Wanazuoni wetu waliiweka nafaka ya mnyama katika mlango mmoja na ya mke na watoto. Na sheria ya nchi yetu nayo haikunyamaza: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimtese wala asimnyime mahitaji yake.

Na malisho, ndugu msomaji, ni yale yanayomfaa huyo mnyama. Ukimpa ng'ombe nyama hujamlisha. Ukimpa paka ugali na ndizi mwaka mzima naye hana mahali pa kuwinda, umeshibisha tumbo lake na kumnyima macho yake. Kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana haina maana kwa wanadamu peke yao.

Hata hivyo mama yetu asikate tamaa, wala asimfukuze paka wake kama alivyofikiri. Paka hayupo, panya hutawala, na panya wa mwezi mmoja hula mahindi ya thamani kuliko chakula cha paka. Riziki ya paka iko karibu naye. Usipa wa Ziwa Nyasa huuzwa sokoni, na vile vichwa tunavyovitupa ni chakula bora kwake. Vichemshwe bila chumvi wala kitunguu, kisha vichanganywe na ugali kidogo pamoja na ule mchuzi wake, kwa kuwa taurini hutoka na maji ya kuchemshia. Ni vizuri samaki apikwe, kwani baadhi ya samaki wabichi wakiliwa sana humharibia paka vitamini nyingine. Anayechinja kuku nyumbani amwekee moyo na firigisi. Ini ni zuri pia, lakini lisiwe la kila siku, maana vitamini A ikizidi nayo hudhuru. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwani huvunjika vipande vyenye ncha. Konzi moja ya vitu hivi kwa siku, pamoja na panya anaowakamata, inamtosha.

Akionja sahani yetu, je?

Wengi huuliza pia kuhusu tunda lililoguswa na mdomo wa paka. Mate ya paka ni tohara. Kabsha bint Kaab alimshangaa Abu Qatada alipomwinamishia paka chombo cha maji ya udhu, naye akamjulisha kuwa Mtume, rehema na amani zimfikie, amesema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukia majumbani. Hadithi hii imo katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kinachozingatiwa ni najisi iliyoonekana: ukimwona ametoka kula panya, mdomo una damu, kisha papo hapo akatia ulimi katika maji machache, maji hayo yamenajisika. Usipoona hivyo, usijitafutie wasiwasi. Kwa upande wa usafi wa kawaida, kata sehemu aliyoiuma, umalizie iliyobaki au uiache, hapana lawama.

Akidhurika, tufanye nini?

Dalili za kuangalia ni kutapika mara kwa mara, kutokwa na mate, kukataa chakula zaidi ya siku moja, kulegea, fizi kupauka, kutembea kama mlevi, kukojoa kidogo sana au kutokojoa kabisa. Ukiziona, fanya haya:

Kwanza, ondoa kilichobaki na ukitunze kipande chake ili mtaalamu akione. Kumbuka pia saa aliyokila.

Pili, usimlazimishe kutapika kwa maji ya chumvi, mafuta wala majivu. Chumvi nyingi ni sumu nyingine, na mafuta huweza kuingia mapafuni.

Tatu, na hili lishikwe sana: usimpe paka dawa za binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua, kwa sababu ini la paka halina njia ya kuiondoa dawa hiyo kama letu. Wako waliomtibia paka wao mafua kwa kidonge wanachompa mtoto, wakamzika asubuhi.

Nne, mpelekeni au mwiteni afisa mifugo wa kata, au daktari wa mifugo wa wilaya. Watu hudhani kazi yao ni ng'ombe tu, lakini paka naye ni katika wanyama waliowasomea.

Neno kwa wazazi

Mtoto anayemkatia paka parachichi ana jambo jema moyoni mwake, naye asikemewe. Mkemee mtoto kwa huruma yake, na kesho utamtafuta mwenye huruma akulee uzeeni usimpate. Mpe elimu badala ya kumpa kofi. Mwambie: "Mwanangu, wewe unapenda tunda, yeye anapenda samaki, na Mola amewapa kila mmoja lake." Kisha mkabidhi kazi ya kumchemshia usipa na kumbadilishia maji kila asubuhi. Mtoto aliyezoea kuuliza kiumbe kisichosema kinahitaji nini, hatashindwa kumuuliza jirani yake.

Haya ndiyo tuliyoweza kuyakusanya kwa wiki hii. Atakayekuwa na swali la familia alifikishe kwa maandishi katika ofisi ya gazeti, nasi tutalifanyia kazi inshaallah.

Wabillaahi tawfiiq, wallaahu aalam.